Kompyuta ya steshenari inaganda, fundi anataka "apige Windows". Nimwachie au kuna namna?

BintiNgamiani

Habari zenu wakuu, na poleni na joto la kaskazi.

Nina steshenari ndogo huku Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba. Kazi ni hizi hizi za kila siku: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta ninayoitegemea ni ya mezani, hizi zinazokuja zimeshatumika Ulaya. Prosesa ni Core 2 Duo, RAM 4GB, Windows 10.

Asubuhi nikiwasha inakwenda vizuri kidogo, halafu feni inaanza kuvuma na mausi inakatakata. Nikibonyeza kuprinti ndio balaa: dirisha la kuprinti halifunguki, Word inapauka na kuandika "Not Responding". Inakaa hivyo weee, kisha inazinduka yenyewe kana kwamba haikufanya kitu. Mteja yuko mbele yangu, boda inamsubiri nje, na mimi natabasamu tu.

Nimeshazima na kuwasha, nimefuta mafaili ya temp, nimeskani na antivairasi, haikukamata kitu. Fundi wa jirani kaja, hata kukaa hakukaa, kasema Windows imechoka nimpe hela aipige upya. Sina neno na mtu kulipwa jasho lake. Ila mashine hii ina fonti zangu, templeti za kadi za harusi, draiva za printa na skana. Kuvirudisha vyote ni siku nzima duka limefungwa. Kuna namna ya kujua kinachoila kabla ya kuifuta?

---

MkongeMkavu

4GB zama hizi dada? Ongeza RAM, tia SSD (diski isiyozunguka), maisha yaendelee.

---

Mdigo wa Makorora

Mpe fundi apige Windows. Ukiumiza kichwa na mashine ya zamani utazeeka kabla ya siku zako.

---

KasaWaPangani

Dada, usimpe mtu hela bado. "Windows imechoka" si ugonjwa. Ni kama daktari akuambie mwili wako una homa kisha akuandikie mwili mpya. Kompyuta ikiganda kuna kitu kimekamata rasilimali fulani, na Windows yenyewe inakuonyesha ni kipi ukiiuliza.

Fanya hivi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Ikija ndogo isiyo na maelezo, bofya "More details" pale chini. Iache wazi pembeni uendelee na kazi zako, na ikianza kuganda usikimbilie kuzima. Angalia zile asilimia juu ya safu: CPU, Memory, Disk. Nataka namba za wakati wa kuganda, za wakati imetulia hazitusaidii. Kisha bofya neno CPU ili mla mkubwa aje juu, uniandikie jina lake na asilimia yake, na kama asilimia hiyo inapanda na kushuka au imesimama pale pale. Hilo la mwisho usilisahau.

Nieleze kwa nini nataka zote tatu. Disk ikiwa 100 na kasi yake ni MB moja au mbili tu kwa sekunde, hiyo ni habari ya diski: ama ni diski ya kuzunguka inayoitwa huku na huku na programu nyingi kwa wakati mmoja, ama inakufa. Ingia "Performance", bofya Disk, usome muda wake wa kujibu. Ukiona mamia au maelfu ya milisekunde, nakili mafaili yako siku hiyo hiyo, mengine baadaye. Memory ikiwa juu ya 90, RAM imejaa na Windows inahamishia mzigo kwenye diski, kwa hiyo diski nayo itaonekana mkosaji bure. CPU ikiwa juu na hizo mbili zimelala, hapo tuna programu iliyopotoka.

---

MvuviWaRaskazone

Niongeze kwenye la Kasa. Akifungua ile "Details" atakuta kitu kinaitwa System Idle Process kina 90 na kitu. Asishtuke. Hiyo ni nafasi ya prosesa isiyotumika. Nimemwona mtu mzima na cheti chake ukutani anahangaika kuiua.

Pili, sisi tulio karibu na bahari tuna vumbi na chumvi pamoja. Ukienda "Performance" kuna neno "Speed". Kama mashine ya 2.9 GHz inasoma 0.8 wakati ina kazi nyingi, mara nyingi joto limezidi na prosesa imejipunguza mwendo. Hapo ni brashi, kupuliza feni na kubadilisha ile krimu ya kupitishia joto juu ya prosesa. Hakuna programu itakayokusaidia.

---

BintiNgamiani

Asanteni. Leo imeganda mbele ya Task Manager kama ilivyoagizwa.

Memory 61. Disk 2, mara 3, mara 5. CPU 55 mpaka 60, nikibonyeza kuprinti inaruka 100. Aliye juu anaitwa WMI Provider Host, na kasimama 48, 49, 48, 49. Hasogei. Hata nisipogusa kitu.

---

KasaWaPangani

Safi sana. Hizo namba zimeshatuondolea nusu ya msitu.

Disk 3 maana yake SSD ya MkongeMkavu ni zawadi nzuri kwa siku nyingine, ila isingeponya ugonjwa huu. RAM 61 vile vile. Tamu zaidi ni hiyo 49 isiyosogea. Core 2 Duo ina viini viwili, na Windows inahesabu viini vyote kwa pamoja kuwa 100. Programu inayozunguka pale pale bila kutoka inakamata kiini kimoja chote, kwa hiyo kwako itasoma karibu na 50 na kuganda hapo. Kwenye mashine inayoonekana na viini vinne ingesoma 25, kwenye nane ingesoma 12 na nusu. Ndiyo maana mwenye mashine mpya anaweza kuwa na mdudu huyo huyo asimjue, anaona 12 anasema si kitu, huku feni inalia na betri inakwisha.

Programu yenye kazi ya kweli mara nyingi hupanda na kushuka. Iliyopotea njia ndiyo inayosimama.

---

Mdigo wa Makorora

Nimeitafuta hiyo WMI, kuna watu wanasema ni kirusi. Bofya kulia, "End task", mchezo umekwisha.

---

BintiNgamiani

Nimei-end task. CPU imeshuka mpaka 6, nikaprinti kopi zangu kwa raha, nikasema alhamdulillahi. Sijakaa vizuri imerudi, 48, 49.

---

KasaWaPangani

Itarudi tu. Na kabla ya kuiita kirusi, bofya kulia uchague "Open file location". Ikikupeleka C:\Windows\System32\wbem na faili linaitwa WmiPrvSE.exe, ni la Windows yenyewe. Jina hilo hilo likikaa kwenye AppData, Temp au folda yenye jina la ajabu ajabu, hapo tuzungumze habari za virusi. Mtindo huo utumie kwa svchost.exe pia, maana wahuni wanapenda sana kujificha nyuma ya jina hilo. Kuona svchost nyingi si tatizo, Windows huwa nazo kibao. Angalia zinakaa wapi.

Sasa WMI ni nini. Ni huduma ambayo programu nyingine huiuliza habari za kompyuta: kuna printa gani, USB gani imechomekwa, diski imebaki nafasi kiasi gani. Yenyewe haiulizi, inaulizwa. Ukiiona inatoka jasho, kuna mtu anaituma bila kupumzika, na huyo hakai juu kwenye orodha kwa sababu kutuma hakuli CPU. Unaweza kumkuta chini kabisa na sifuri yake, katulia.

Usiende kuzima huduma ya WMI yenyewe kama baadhi ya video zinavyofundisha. Vitu vingi vya Windows vinaitegemea, utaanzisha kesi mpya.

Kumpata anayetuma: andika eventvwr kwenye sehemu ya kutafutia, ufungue Event Viewer. Kushoto fuata Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, WMI-Activity, kisha Operational. Tafuta mistari yenye alama nyekundu na namba 5858. Bofya mmoja, usome maneno ya chini. Humo kuna ClientProcessId na namba ya programu iliyouliza, na mbele kidogo kuna "Operation" yenye swali lenyewe lililoulizwa. Nakili hivyo viwili uweke hapa.

Ukishapata namba usikawie, wala usizime kompyuta. Nenda Task Manager, "Details", panga kwa PID (ndiyo safu ya namba hizo) uitafute hapo hapo. Windows hugawa namba hizo upya, ukiwasha kesho namba ile ile anaweza kuwa nayo mtu mwingine asiye na hatia.

---

ChungwaLaMuheza

Samahani dada kuingilia uzi wako, ila yangu inafanana na haifanani. Feni ya laptop yangu inavuma kama mashine ya kusaga nikiwa sijafungua kitu. Nikifungua Task Manager nione nani, feni inanyamaza na CPU inashuka mpaka 4. Nikiifunga, baada ya dakika inaanza tena. Nimechoka.

---

MvuviWaRaskazone

Uliweka Office isiyolipiwa, ya kufungulia kwa ile programu ndogo inayosema "zima antivairasi kwanza"?

---

ChungwaLaMuheza

Sijibu hilo swali 😂

---

MvuviWaRaskazone

Umeshajibu. Programu halali kwa kawaida hainyamazi kwa sababu tu Task Manager imefunguliwa. Dalili hiyo kwa kawaida ni ya programu ya kuchimba sarafu za mtandaoni kwa kutumia prosesa yako. Nyingi huchimba Monero kwa sababu inachimbika kwa prosesa ya kawaida, haihitaji kadi kubwa ya picha.

Ukitaka kuhakikisha bila kumshtua, fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) uandike:

typeperf "\Processor(_Total)\% Processor Time"

Itakuandikia asilimia ya CPU kila sekunde. Iache wazi bila kugusa kitu, Task Manager ikiwa imefungwa. Ukikuta inakaa 70, 80, kisha inaporomoka mara tu unapofungua Task Manager, inaelekea umemkamata.

Halafu ingia Windows Security, kwenye mipangilio ya ulinzi wa virusi, shuka mpaka "Exclusions". Zile programu za kufungulia hupenda kujiandika humo ili zisikaguliwe. Ukikuta folda usiyoijua, au C: nzima, ndipo ujue kwa nini antivairasi yako ilikuwa inasema "hakuna tatizo" kila siku. Zifute, kisha endesha ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Kompyuta itajizima na kukagua kabla Windows haijaamka, ni kama robo saa hivi.

Tena wewe, tofauti na dada, ningekushauri upige Windows kweli. Aliyeweza kujiandika kwenye Exclusions aliingia na haki za msimamizi, na hujui kaacha nini kingine. Nywila zako za benki na barua pepe zibadilishe ukiwa kwenye simu, usizibadilishie kwenye laptop hiyo.

---

KasaWaPangani

Naunga mkono. Na wenye steshenari nanyi sikieni hapa, maana watu wanakuja kwenu kufungua akaunti zao za mikopo ya chuo na za kodi. Mashine yenye mgeni wa namna hiyo haifai kumpa mteja aandike nywila yake.

---

BintiNgamiani

Wakuu nimerudi. Mistari myekundu ya 5858 imejaa mpaka nikashangaa, imefuatana sekunde kwa sekunde. Yote namba moja. Nimeuandika mmoja kama ulivyo, nimeruka jina la kompyuta:

ClientProcessId = 2316
Operation = Start IWbemServices::ExecQuery - root\cimv2 : select * from Win32_PnPEntity
ResultCode = 0x80041032

2316 kwenye "Details" ni programu ya kuangalia wino ya printa niliyokuwa nayo zamani. CPU yake 00. Na printa yenyewe haipo! Ilishakufa, niliiuza kwa wanunua vyuma chakavu wa Barabara ya 12.

---

MkongeMkavu

Yaani printa iko kwenye vyuma chakavu na wino wake bado unatafutwa Ngamiani 🤣🤣

---

KasaWaPangani

Ndiye huyo. Soma swali lake: Win32_PnPEntity ni orodha ya kila kifaa kilichounganishwa na kompyuta, kuanzia kibodi mpaka vitundu vya USB. Anaomba orodha nzima ili aone kama printa yake imechomekwa. Kuiandaa ni kazi nzito kwa mashine kama yako. Ile 0x80041032 maana yake ombi limekatishwa. Nionavyo mimi anaomba, jibu linachelewa, anakata, anaomba tena upya. WMI haimalizi hata mara moja.

Mwondoe hivi. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika appwiz.cpl, tafuta kila kitu chenye jina la kampuni ya printa hiyo uondoe. Usiishie kumzima kwenye "Startup" ya Task Manager, maana programu za aina hii huwa na mlango wa pili: angalia "Services" na Task Scheduler (ratiba ya kazi zinazojiwasha zenyewe) kama kaacha kitu. Kisha Windows na R tena, andika printui /s /t2, litafunguka dirisha la draiva za printa. Ondoa ya yule marehemu, chagua kuondoa draiva na kifurushi chake.

Sasa swali jingine. Kwenye orodha ya printa, ile yenye alama ya tiki ya kijani ni ipi?

---

BintiNgamiani

Subhanallah. Ni yeye yeye marehemu. Mimi huwa nachagua printa kwa mkono kila nikiprinti.

---

KasaWaPangani

Basi hilo ndilo la dirisha la kuprinti. Word huiuliza printa ya tiki ukubwa wa karatasi na pambizo zake. Isipojibu, Word inasubiri, na ikisubiri inapauka. Ulikuwa na mambo mawili yamepandana: mmoja anakula kiini cha prosesa, mwingine anamsimamisha Word mlangoni. Wewe ukaona ugonjwa mmoja.

Weka tiki kwenye printa unayotumia sasa. Kwenye mipangilio ya printa zima ile "Let Windows manage my default printer", isije ikakuhamishia tena.

---

Mdigo wa Makorora

Haya nimekubali. Ila mimi yangu mla mkubwa anaitwa Antimalware Service Executable, na ni ya Microsoft. Hiyo nayo inatumwa na nani? Naizima?

---

MvuviWaRaskazone

Hiyo inatumwa na flashi za wateja wako, kaka. Kila faili linalofunguliwa hukaguliwa, hata lililo kwenye flashi. Kwa steshenari kuizima ni kuomba vile virusi vya "shortcut" vya kwenye flashi vihamie kwako. Ukaguzi wake wa ratiba umewekewa kikomo cha 50% ya CPU, na unaweza kukishusha. Fungua PowerShell kama msimamizi, andika Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20. Utachukua muda mrefu zaidi, ila utakuacha ufanye kazi.

Ukiona TiWorker.exe, hiyo ni apdeti zinajipanga. Iache imalize. Ukiizima kwa nguvu katikati, ukiwasha itaanza tena na utasema mashine ina jini.

---

BintiNgamiani

Mrejesho. Nimeondoa programu ya wino. Kwenye Task Scheduler kweli alikuwa kaacha kazi ya kuamka kila mtu anapoingia, nimeifuta. Draiva nayo imeondoka, tiki nimeihamisha. Nimewasha upya, CPU 3 mpaka 8, feni siisikii. Kuna mtu kaja na kadi za harusi, nimebonyeza kuprinti dirisha likaja hapo hapo, mpaka nikarudisha mkono nyuma.

Fundi nimempa kazi ya kupuliza vumbi, kapata hela yake na hakununa.

Swali la mwisho kwa Kasa: skana yangu mpya inakuja na CD, nayo inataka kuweka vitu kama sita. Niikubalie?

---

KasaWaPangani

Usiweke CD. Ingia tovuti ya kampuni yake, mara nyingi kuna faili la draiva peke yake, dogo kuliko furushi zima. Lisipokuwepo, kwenye kuweka chagua "Custom" badala ya "Recommended", ubakishe tiki kwenye draiva na programu ya kuskania, mengine utoe tiki. Ukimaliza fungua "Startup" uone kama kuna jina jipya limeongezeka.